Nani Amekipasua? Maneno Yangu kwa Mafundi Kuhusu Ufa wa Unywele kwenye Vibao vya Bastola

(Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi seremala na watunzaji wa silaha za zamani. Nayaweka yote kama yalivyotoka, kwa ajili ya waliokosa kikao. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu mliotangulia kushika randa, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma mkidhani siwaoni: hamjambo?

Najua kilichopo midomoni mwenu. Nikitaja ufa tu, kila mtu humu ndani ana methali moja tayari. Haya, semeni. Naam! Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tumeimeza tangu utotoni, na kwenye nyumba sina ugomvi nayo. Lakini kwenye kibao cha bastola methali hiyo imenitia hasara zaidi ya mara moja, maana ilinifundisha kuziba kabla ya kuuliza.

Tunazungumzia kitu gani? Kitako cha bastola, pale kiganja kinaposhika, kwenye silaha nyingi za zamani na baadhi za sasa kimevikwa vibao viwili vya mti, kimoja kushoto, kimoja kulia. Ni vyembamba. Katikati vina unene kidogo, lakini kingoni vinakwisha kama ganda la yai. Vinashikiliwa na skrubu moja au mbili. Na ufa ninaousema leo si wa kibao kilichogawanyika vipande viwili. Ni ule mstari mwembamba kama unywele, ukipitisha ukucha juu yake haukwami. Ule ambao mwenye mali anakuambia, "Fundi, hiki kitu kidogo tu, tia gundi niondoke."

Kitu kidogo tu! Ngoja niwaambie kitu kidogo kilivyonifanya.

Kwa miaka mingi nilikuwa na sheria moja: niletee mbao, silaha baki nayo. Niliona ni busara. Mimi ni seremala, chuma cha nini? Siku moja akaja bwana mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, na kibao cha kushoto cha rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ya zamani. Ufa ulianza kwenye tundu la skrubu, ukashuka chini kufuata nyuzi za mti. Nikauziba. Nikauziba vizuri mpaka yeye mwenyewe akawa anautafuta kwa miwani. Akanilipa, akaondoka.

Baada ya miezi miwili akarudi. Ufa uleule? Hapana. Gundi yangu ilikuwa imeshika barabara. Ulikuwa ufa mpya, kama milimita tatu pembeni mwa ule wa kwanza, unakwenda nao sambamba kama reli. Nikauziba na huo. Mara ya tatu alipokuja hakusema neno. Alikiweka mezani, akanitazama.

Ndipo nikamwomba aje na silaha yenyewe. Nikapaka masizi membamba ya mshumaa kwenye fremu, yaani kiunzi cha chuma cha bastola, pale kibao kinapokalia, nikakiweka kibao mahali pake, nikakibonyeza kwa kidole, nikakitoa. Upande wa ndani wa kibao ulikuwa na doa jeusi moja, kubwa kama punje ya mchele, karibu na katikati. Kwingine kote kweupe. Mnaelewa maana yake? Kibao kizima kilikuwa kimekalia kokoto. Kila alipokaza skrubu, alikuwa anakipinda kibao juu ya hicho kinundu, kama mtu anayekanyaga ubao uliowekwa juu ya jiwe. Nilikwangua hicho kinundu kwa kisu, nikapaka masizi tena, nikakwangua tena, mpaka weusi ukaenea kote. Tangu hapo hajarudi. Yaani amerudi, lakini kunisalimia.

Angalieni: nilikwangua mti, sikugusa chuma. Mti ndio unaomfuata chuma. Ukipiga tupa fremu ili imfurahishe kibao, umeharibu kitu ambacho huwezi kukirudisha.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nizibe na nini?" Swali la kwanza ni: nani amekipasua?

Na kwa kuwa sasa naangalia mti na chuma pamoja, kuna jambo ambalo karakana yangu haina mjadala nalo. Mwenye silaha, mwenye kibali chake, ndiye anayeitoa risasi, mbele ya macho yangu, kabla haijagusa meza. Magazini, lile kasha la risasi, inatoka kwanza. Kisha slaidi, chuma cha juu kinachoteleza, inavutwa nyuma, chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, inaangaliwa kwa macho, na kidole kinaingia kuthibitisha. Kwa nini magazini kwanza? Kwa sababu ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani, ikirudi inasukuma risasi nyingine chembani, halafu unatoa magazini na kujipongeza kwamba ni tupu. Rivolva, silinda inafunguliwa na matundu yote yanahesabiwa. "Nimeshaiangalia nyumbani" si jibu. Nimewahi kumwambia hivyo mtu wa umri wa baba yangu, akanuna. Basi na anune.

Turudi kwa mpasuaji. Nani amekipasua?

Mara nyingi ni mkono wetu na bisibisi. Kwenye rivolva nyingi skrubu moja inapita kutoka kibao kimoja hadi cha pili, na fremu ikiwa katikati. Ukikaza, unavivuta vibao viwili vikumbatiane. Ukikaza zaidi vinakosa pa kwenda, na mti unaachia pale ulipo dhaifu, yaani kwenye tundu. Kaza mpaka skrubu iguse, kisha ongeza kidogo tu. Ukiogopa italegea, weka washa, yaani pete, nyembamba ya mpira chini ya kichwa chake. Na skrubu iliyolegea nayo si salama! Kibao kinachocheza hupigwa na mtikiso kila risasi inapotoka, na tundu lake linageuka nyundo ya kujipasua lenyewe.

Halafu kuna namna ya kutoa. Mara ngapi nimeona mtu amelegeza skrubu, akachomeka bisibisi ukingoni mwa kibao, akakibanjua kama anafungua kopo la rangi? Chini ya kitako cha rivolva nyingi kuna kipini kidogo cha chuma kinachoingia kwenye tundu la kibao ili kisizunguke. Ukibanjua kutoka juu, kipini hicho kinashikilia chini, na unapata ufa mzuri wa kwenda kumwonyesha fundi. Njia yake ni rahisi mpaka inachekesha: legeza skrubu mizunguko michache, usiitoe yote, kisha gonga kichwa chake taratibu kwa mpini wa bisibisi. Skrubu inakisukuma kibao cha upande wa pili kwa usawa, kinatoka chenyewe. Cha pili unakisukuma kwa kidole kutoka ndani.

Bastola ya Luger P08 ina hadithi yake. Kibao cha kushoto kina kona nyembamba karibu na kitasa cha usalama, na kona hiyo ndiyo inayovunjika kwa kila mwenye haraka. Ukiletewa kibao cha Luger chenye ufa hapo, huna haja ya kuuliza sana nani amekipasua. Mwangalie aliyekileta.

Lakini kuna mpasuaji mwingine ambaye hana mikono. Hewa. Nyinyi maseremala mnajua hili kuliko mimi: mti hunywa unyevu na kuutema, na unaponywa na kutema unavimba na kusinyaa. Kwa urefu wa nyuzi karibu hausogei. Kwa upana ndio kazi. Chukueni mjozi mweusi wa Marekani, mti uliotumika sana kwenye vitako vya silaha. Kutoka ubichi mpaka ukavu kabisa, kwa kufuata pete zake husinyaa kama asilimia 7.8, na kwa kukatiza pete kama asilimia 5.5. Sasa piga hesabu ya kawaida kabisa. Kibao cha upana wa milimita 40, unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 12 hadi 6, kinapungua kama nusu milimita. Mtasema nusu milimita ni nini? Kama kibao kina skrubu mbili zilizosimama kwenye mstari mmoja wa nyuzi, si kitu. Kama kimebanwa kingo kwa kingo, au mtu amekigundisha kwenye fremu "ili kisicheze", hiyo nusu milimita lazima itoke mahali. Itatoka kama ufa.

Na bastola iliyofungiwa miaka kwenye kabati lenye vifuko vya kunyonya unyevu inapasuka bila kuguswa na mtu. Hapo dawa ya kwanza si gundi. Kitoe kibao, kiache kwenye hewa ya kawaida wiki mbili au tatu. Nimeona nyufa zikijifunga zenyewe mpaka nikatafuta zilipokuwa. Ukiziba ufa ulio wazi kwa ukame, mti ukija kuvimba utakuwa umeweka kabari katikati yake.

Sasa kabla hatujafika kwenye gundi, tupite mahali ambapo gundi nyingi hufia. Mafuta.

Silaha inapakwa mafuta, sivyo? Na mafuta yanakwenda wapi? Yanateremka, yanaingia nyuma ya kibao, yanaingia kwenye ufa. Mwaka wa kwanza nilipoanza kazi hizi niliziba ufa wa kibao kimoja mara mbili kwa gundi ya aina mbili, na mara mbili nilikifungua kwa vidole kama kitabu. Gundi ilikuwa imekauka vizuri kabisa, ngumu, inang'aa, lakini imeshikana na yenyewe tu. Mti ulikuwa umejaa mafuta.

Kwa hiyo: asetoni, kile kimiminika cha kuyeyusha mafuta, tone kwa tone, kutoka upande wa ndani, maana upande wa nje itakula vanishi. Dirisha wazi, moto mbali kabisa. Kisha unga wa chaki uliokorogwa na asetoni kama uji mzito, unaupaka juu ya ufa, unauacha ukauke. Asetoni inapopanda na kuruka inabeba mafuta, chaki inayanywa. Brashi, paka tena. Mara ya kwanza chaki inatoka rangi ya chai. Rudia mpaka itoke nyeupe. Kibao cha zamani kweli kinaweza kukuchukua siku tatu. Mwenye mali akiuliza kwa nini, mwonyeshe ile chaki.

Na msisahau kwamba kuna miti yenye mafuta yake ya kuzaliwa. Mpingo, kwa mfano, mita moja ya ujazo hupita kilo 1,200, ukiuweka majini unazama. Mti mzito hivyo, uliojaa utomvu hivyo, haukaribishi gundi. Kwa mpingo na ndugu zake, futa kwa asetoni dakika chache kabla ya kugundisha, si jana yake. Na vumbi lake linawasha ngozi na pua. Wako watu wanaovimba kwa sababu yake. Vaeni barakoa, acheni ushujaa.

Haya, gundi. Naona vijana mmeamka.

Supaglu. Mnajua ilikotokea? Mwaka 1942, wakati wa vita, watafiti wa kampuni ya Eastman Kodak wakiongozwa na Harry Coover walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vyombo vya kulengea shabaha kwenye bunduki. Wakapata kitu kinachonata kwenye kila kilichokigusa, wakakiona kero, wakakiacha. Mwaka 1951 wakakutana nacho tena, na mwaka 1958 kikaingia sokoni. Yaani gundi iliyokataliwa kwenye bunduki, leo tunairudisha kwenye bastola kwa mlango wa nyuma.

Kwa ufa wa unywele hasa, supaglu nyepesi kama maji ndiyo ninayoitumia mara nyingi zaidi. Sababu ni kwamba haihitaji kusukumwa. Ufa wenyewe unaivuta, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Lakini ina masharti. Haijazi nafasi, kingo mbili za ufa lazima zigusane. Inaganda kwa unyevu wa hewa, kwa sekunde, kwa hiyo huna muda wa kufikiri, fikiri kabla. Na ikimwagikia mti mtupu inaacha doa linalong'aa ambalo halipokei mafuta wala vanishi. Hilo doa limenifedhehesha mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa.

Ninavyofanya ni hivi. Upande wa nje naupaka nta pembezoni mwa ufa, kwa uangalifu isiingie ndani ya ufa wenyewe, maana hapo gundi haitashika tena. Nakipasha kibao moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, vuguvugu tu, kiganja kivumilie. Hewa iliyo ndani ya ufa inatanuka. Natia tone kwa ncha ya sindano, kutoka nyuma. Kibao kinapopoa, hewa inasinyaa na kuivuta gundi ndani. Nakikunja kibao kidogo sana, kufungua na kufunga, kama kinapumua. Tone la pili likibaki juu bila kuzama, ufa umeshiba. Basi. Acha!

Na kukibana? Jiliwa halifai, kibao kina mviringo, utakiponda. Kata utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, weka karatasi ya nailoni katikati, zungushia kama bandeji. Kibano ni cha kukutanisha kingo, si cha kukamua.

Kama kingo hazikutani, ufa una upana unaoonekana, au uko karibu na skrubu panapopata msukosuko, supaglu ni kavu mno, inakatika kama kioo. Hapo natumia epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ile ya taratibu ya kukauka kwa saa 24, siyo ya dakika tano. Ya dakika tano inaganda kabla haijafika chini. Moto kidogo wa ile mashine ya nywele unaifanya epoksi iwe nyepesi na iteremke. Nyuma ya kibao, kama pana nafasi, nachonga mfereji mfupi usiofika hata nusu ya unene, unaoukatiza ufa, nalaza humo waya mwembamba wa shaba, nafunika kwa epoksi, nasawazisha. Hakuna anayeuona. Na tundu la skrubu nalipanua kidogo sana ili mti upate pa kupumulia.

Gundi nyeupe ya mbao? Ni nzuri kwa mpasuko mpya, msafi, unaofunguka vya kutosha kuipokea. Kwa unywele haiingii. Nimemaliza nayo.

Sasa nataka niwasimulie la aibu zaidi, maana ndilo lililonifundisha zaidi.

Nilikuwa na kijana karakanani, mwenye bidii, mwenye mikono safi. Nikampa kibao cha kulia cha rivolva ya zamani ya Smith & Wesson, chenye ufa mfupi, nikamwambia akitayarishe. Akakitayarisha kweli! Alipiga msasa upande wote wa ndani mpaka ukawa mweupe kama mkate, ili epoksi ishike. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwenye hizo silaha za zamani kiwanda kiliandika namba ya silaha ndani ya kibao cha kulia, kwa penseli au kwa kuigonga. Hiyo namba ndiyo ushahidi kwamba kibao na chuma vilitoka pamoja. Luger nazo vibao vyake vimegongwa namba kwa ndani. Kijana wangu aliufuta ushahidi huo kwa dakika tatu.

Je, kosa lilikuwa lake? Mimi ndiye niliyempa kazi bila kugeuza kibao nikaangalia. Nilimwita mwenye mali nikamwambia mwenyewe. Sitawasimulia alichosema, kuna wazee hapa.

Tangu siku hiyo kila kibao kinapigwa picha nyuma na mbele kabla hakijaguswa. Na kwa kitu cha zamani chenye thamani, sijiulizi tu nani amekipasua. Najiuliza pia kama kina haja ya kuzibwa. Kibao kisichotumika, kinachokaa kwenye sanduku la kioo, chenye ufa usiosogea? Kiache. Kama lazima kishikwe, tumia gundi inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama, ile ya kuyeyushwa kwa maji ya moto, kwa sababu fundi wa baadaye anaweza kuilainisha kwa joto na maji akaitoa. Epoksi haina kurudi. Na zile chale zilizokatizana upande wa nje, za kusaidia kiganja kisiteleze, msizipige msasa, hata kidogo. Hazirudi.

Umaliziaji sitaumalizia muda. Mafuta ya kitani, au shelaki, kufuata kilichokuwapo, na upake hata nyuma ya kibao ili unyevu uingie na kutoka pande zote sawa. Lakini kitambaa chenye mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kapuni. Kinapokauka kinajipasha moto chenyewe, na kikiwa kimefumbatwa kinaweza kuwaka bila kiberiti. Kitandaze nje, au kitose kwenye ndoo ya maji.

Nimesema vya kutosha, miguu yangu inanikumbusha. Mezani pale kuna vibao sita, vyote vina ufa, vyote nimeviokota kwenye mabaki ya karakana yangu. Kuna vioo vya kukuzia, mshumaa na fremu mbili tupu zisizo na kitu kingine. Jigaweni makundi. Kila kundi lije liniambie kila kibao kimepasuliwa na nani. Gundi msiitafute, nimeifungia kwenye droo na ufunguo ninao mfukoni.